Je, wajua kwa nini mrija wa neoni huanza kuzeeka kwenye ncha zake?

Mafundi umeme wengi hutembea na testa mfukoni, ile bisibisi nyembamba yenye mpini wa plastiki unaopitisha mwanga. Ncha yake ikigusa waya wenye moto, na kidole cha fundi kikiwa juu ya kifuniko cha chuma nyuma ya mpini, kitaa kidogo ndani huwaka rangi ya chungwa. Kitaa hicho ni mrija wa neoni, ndugu wa yale mabango yaliyopambwa kwa maandishi ya mwanga, ila huyu amefupishwa hadi akaenea ndani ya mpini. Siku fundi akija kwako, mwombe akuonyeshe kwa karibu. Utaona kwamba gesi haiwaki yote. Kinachong'aa ni utando wa mwanga uliovikwa kwenye vijiti viwili vya chuma vilivyo ndani ya kioo, mithili ya soksi.

Vijiti hivyo ndivyo elektrodi, na habari ya leo ni yao. Watu wakitaja taa ya neoni huisifu gesi, kwa sababu ndiyo iliyoipa jina na rangi. Mimi naamini sifa imekwenda kwa mmoja ilhali kazi ngumu ilifanywa na mwingine. Gesi ya neoni haichakai. Kinachoamua kama taa itadumu wiki chache au miongo kadhaa ni vipande viwili vya chuma mwanzoni na mwishoni mwa mrija.

Neoni iligunduliwa London mwaka 1898 na William Ramsay na Morris Travers. Tangu mwanzo walijua kwamba ukipitisha umeme ndani yake inatoa mwanga mwekundu mkali. Hata hivyo miaka 12 ilipita kabla ya mtu kuionyesha hadharani kama taa ya kumulikia. Sababu moja ni uhaba: katika kila lita milioni za hewa, neoni ni lita 18 tu. Sebule ya mita nne na nusu kwa nne na nusu, yenye dari la kawaida, ina takriban lita moja, imechanganyika na hewa nyingine yote. Georges Claude wa Ufaransa hakuwa na shida hiyo. Kampuni ya Air Liquide, aliyoshiriki kuianzisha mwaka 1902, ilikuwa ikigeuza hewa kuwa kimiminika ili ipate oksijeni, na neoni ikabaki pembeni kama makapi. Desemba 1910, kwenye maonyesho ya magari ya Paris ndani ya jengo la Grand Palais, Claude aliwasha mirija miwili ya neoni yenye urefu wa mita 12 hivi kila mmoja.

Kupata gesi lakini hakukutosha. Sababu ya pili ya kuchelewa ilikuwa ugonjwa ulioua kila mrija wa gesi uliowahi kutengenezwa.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Ndani ya mrija, elektroni hutoka kwenye ncha hasi na kukimbilia ncha chanya. Njiani hugonga atomi za gesi. Nyingine huchangamka tu na kutoa mwanga, nyingine hupoteza elektroni moja na kuwa ioni, yaani atomi yenye chaji chanya. Ioni haina pa kwenda isipokuwa kule kwenye ncha hasi inakovutwa. Karibu kabisa na chuma kuna mteremko mkali wa volti. Kwa neoni na elektrodi ya chuma kitupu ni takriban volti 150, zote zikiwa zimerundikana katika safu nyembamba ya gesi inayogusa chuma. Ioni hudondoka kwenye mteremko huo na kukipiga chuma kwa nguvu.

Kipigo hicho kina faida, kwa kuwa hung'oa elektroni mpya, na bila hizo taa ingezimika. Ila pia hung'oa atomi za chuma chenyewe. Mwanasayansi William Grove wa Wales aliliona jambo hili mwaka 1852 alipochunguza mirija ya aina hii: chuma kinamong'onyoka kidogokidogo, atomi zake zinaruka na kutua kwenye kioo cha jirani, zikijenga utando mweusi unaong'aa kama kioo cha kujitazamia. Huo ndio weusi unaouona kwenye kitaa cha swichi ya hita kilichofanya kazi miaka mingi, kile kinachoanza kumetameta kabla ya kuzima kabisa. Na kwa kuwa umeme wa majumbani hubadili mwelekeo, kila ncha hupata zamu ya kuwa hasi mara 50 kwa sekunde. Zote mbili zinaliwa.

Kuliwa kwa chuma si tatizo kubwa. Chuma kipo cha kutosha. Tatizo ni kwamba atomi zinazotua kwenye kioo hufunika na kunasa atomi za gesi. Neoni haiungani kikemia na kitu chochote, lakini inaweza kuzikwa. Kila tabaka jipya la chuma huzika nyingine, na gesi ndani ya mrija inazidi kupungua. Ikipungua, ioni hupata nafasi ya kukimbia umbali mrefu zaidi bila kugongana na kitu, hivyo hukipiga chuma kwa nguvu zaidi, hivyo chuma humong'onyoka zaidi, hivyo gesi huzikwa haraka zaidi. Mwishoni taa inakufa kioo kikiwa kizima, bila ufa wala tundu.

Kabla ya Claude, Mmarekani Daniel McFarlan Moore alikuwa amekabiliana na upungufu huo kwa njia nyingine. Mirija yake mirefu, iliyoanza kuuzwa mwanzoni mwa karne ya 20, ilitumia naitrojeni au hewa ya ukaa, gesi ambazo pamoja na kuzikwa ziliungana na chuma cha elektrodi. Moore akaweka vali iliyoendeshwa na umeme wa taa yenyewe: gesi ikipungua, vali hufunguka na kuingiza nyingine kidogo. Ni ubunifu wa kuheshimiwa sana. Ila ulimaanisha kwamba kila taa ilikuwa mtambo wa kulishwa, wenye bei kubwa na ufungaji mgumu.

Claude aligeuza swali. Moore alitafuta jinsi ya kulisha mrija. Claude alitafuta jinsi ya kuufanya usiwe na njaa. Jibu lake limeandikwa kwenye hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) ya Marekani namba 1,125,476, aliyoiomba Novemba 1911 na kupewa tarehe 19 Januari 1915, na kiini chake ni kipimo kimoja: eneo la uso wa elektrodi lizidi desimita 1.5 za mraba kwa kila ampea ya umeme.

Kipimo hicho kinastahili kukaliwa kitako, maana ndani yake ndimo ilimo akili yote. Rudi kwenye testa. Umeme ukiwa mdogo sana, mwanga hufunika sehemu tu ya kijiti. Ukiongezwa, mwanga haukolei. Unatambaa na kufunika sehemu kubwa zaidi ya chuma, na volti za ule mteremko zinabaki zilezile. Chuma kinapokea mzigo zaidi kwa kutumia uso zaidi. Hali hiyo inaendelea mpaka uso wote uwe umefunikwa. Hapo ukiongeza umeme hakuna tena pa kutambaa, na njia pekee iliyobaki ni mteremko kuwa mkali zaidi. Volti zinapanda, ioni zinapiga kwa nguvu, na chuma kinaanza kuliwa kwa kasi. Aliyechagua elektrodi kubwa anahakikisha mwanga haufiki ukingoni mwa uso wake. Wenye elektrodi ndogo walikuwa wamekwishavuka mpaka huo tangu taa inapowashwa.

Tupige hesabu. Mrija wa bango la kawaida hutumia takriban miliampea 30, yaani ampea 0.03. Zidisha kwa 1.5 upate desimita za mraba 0.045, ambazo ni sentimita za mraba 4.5. Bomba la chuma lenye kipenyo cha sentimita moja na urefu wa sentimita moja na nusu lina uso wa sentimita za mraba 4.7 hivi. Kwa hiyo kitu kilichohitajika ni kidogo, kinatosha kwenye ncha ya kidole cha shahada. Mafundi wa leo hutumia kikubwa kuliko hicho, kwa sababu hakuna anayejuta kuongeza uso.

Umbo nalo lina siri yake. Elektrodi ya neoni ya leo ni kikombe kirefu cha chuma, mara nyingi kilichopakwa nikeli, mdomo wake ukielekea ndani ya mrija. Mwanga huingia ndani ya kikombe na kukaa humo. Atomi ya chuma ikitoka kwenye ukuta mmoja, mara nyingi hutua kwenye ukuta wa pili wa kikombe hichohicho, si kwenye kioo. Chuma kinajiokota. Sehemu dhaifu inayobaki ni ukingo wa mdomo, na ndiyo maana watengenezaji huuvalisha pete ya kauri ili mwanga usiurambe na usipenye kwenye nafasi iliyo kati ya kikombe na kioo.

Ndani ya kikombe kuna kitu kingine, unga mweupe. Ni mchanganyiko wa kaboneti za bariamu, strontiamu na kalsiamu. Kinachotakiwa hasa ni oksidi za madini hayo, kwa sababu huachia elektroni kwa urahisi mno, na elektroni zikitoka kwa urahisi ule mteremko wa volti hupungua na ioni hazipigi tena kwa ukali. Kwa nini basi kiwanda kisiweke oksidi moja kwa moja? Kwa sababu haitunziki. Ikikaa hewani hunywa unyevu na hewa ya ukaa. Watu wa pwani wanalifahamu hili bila kusoma kemia: mawe ya matumbawe yakichomwa kwenye tanuru huwa chokaa kali, na chokaa hiyo ikiachwa wazi hulegea na kupoteza ukali. Kalsiamu ya kwenye matumbawe na ile ya kwenye kikombe cha neoni ni ileile, na tendo la kuchoma ni lilelile. Tofauti ni kwamba tanuru ya neoni ni mrija wenyewe.

Fundi akishakunja kioo na kuunganisha elektrodi, huunganisha mrija na pampu, hutoa sehemu kubwa ya hewa, kisha hupitisha umeme mkubwa kupita kiasi kutoka kwenye transfoma maalumu. Kioo hupata joto la zaidi ya nyuzi 200 na kutapika unyevu uliojificha ndani yake. Vikombe huiva mpaka vikawa vyekundu, kaboneti hugeuka oksidi, na hewa ya ukaa inayotoka hufyonzwa na pampu. Baada ya hapo tu ndipo neoni safi huingizwa, kidogo sana: shinikizo la milimita 10 hivi za zebaki, wakati hewa ya nje ina 760. Akikosea hatua hii kwa haraka, uchafu uliobaki utaharibu rangi ya taa, hata kama kioo kimekunjwa vizuri namna gani.

Tofauti hiyo ya 10 na 760 inatuleta kwenye mlango wa mwisho, pale waya unapopenya kioo. Hewa ya nje inasukuma usiku na mchana ikitafuta upenyo. Waya na kioo vikipata joto hutanuka, na vikitanuka kwa viwango tofauti, kioo hupasuka au nafasi hufunguka. Mita moja ya shaba ikiongezewa joto la nyuzi 100 hurefuka milimita 1.7, kioo laini cha mirija hii hurefuka takriban 0.9. Platinamu nayo ni 0.9, na kwa hiyo karne ya 19 mirija ya gesi ilitumia waya wa platinamu, bei yake ikivumiliwa kwa kukosa budi. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukapatikana waya wa tabaka mbili: kiini cha aloi ya chuma na nikeli kinachotanuka kidogo kuliko kioo, kikavishwa ngozi ya shaba inayotanuka zaidi. Vikipimwa kwa uwiano mzuri, unene wa waya hukua sawa na kioo. Ngozi hiyo ya shaba hushikamana na kioo na kuacha rangi nyekundu. Ukitazama shina la kioo ndani ya balbu ya zamani utakiona kipande hicho kifupi chekundu.

Hataza ya Claude ilikwisha muda wake mwaka 1932, na mtu yeyote akawa huru kutengeneza vikombe vikubwa. Naye Moore, ambaye mirija yake ya kulishwa ilishindwa sokoni, mwaka 1917 alitengeneza kitaa kidogo cha neoni chenye elektrodi mbili zilizo karibukaribu, akiutumia ule mwanga unaovaa chuma kama soksi. Kitaa hicho ndicho babu wa kile cha kwenye testa.

Mwaka 2012, waliokuwa wakikarabati mkahawa wa zamani wa Clifton's huko Los Angeles walikuta taa ya neoni nyuma ya ukuta wa ndani, ikiwaka. Iliaminika kwamba ilikuwa imewaka humo tangu miaka ya 1930, ukuta ukiwa umejengwa mbele yake na watu wakaisahau. Kwa muda wote huo hakuna aliyeiongezea gesi.