Uchovu usioisha hautibiwi na glukosi

Ile meseji ya "seli zako zimeisha chaji, koroga glukosi vijiko vitano kila asubuhi" inazungukaga kwenye magrupu ya huku Moshi miaka yote. Nusu yake ni kweli. Ndani ya seli kuna mitokondria, zinachukua chakula na oksijeni zinatengeneza nguvu, na watafiti wamekuta baadhi ya wagonjwa wa uchovu sugu hiyo kazi ya kutengeneza nguvu haiendi sawa, ila kama ndo chanzo au matokeo bado haijathibitishwa. Sasa kuongeza sukari ni sawa na kujaza mkaa kwenye jiko lililoziba matundu, moto hauongezeki. Watu wanachanganywa na kule kuchangamka kidogo baada ya kunywa.

Uchovu sugu wenyewe unaenda miezi 6 na zaidi, ukilala hauishi, unafua nguo leo halafu kesho au keshokutwa ndo unashindwa hata kuinuka. Hauna kipimo kimoja, daktari anaangalia kwanza upungufu wa damu, thairoidi (tezi ya shingoni), kisukari (na mwenye kisukari hiyo glukosi inamuumiza kabisa). Kapime kwanza. Meseji ikikufikia usiiforwadi, hata kama katuma shangazi.