Mbu, kunguni na minyoo: wanataga wapi, na tuwakabili vipi?

Kwa nini viumbe hawa hutaga mayai mengi kiasi hicho?

Kwa sababu hawalei. Nguvu za jike zina kikomo: ama azae wengi na kuwaacha, ama azae wachache na kuwatunza. Mnyoo mkubwa wa tumboni, askarisi, hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku, kisha hana habari nayo. Mbung'o ni kinyume chake. Hubeba buu mmoja tumboni, humlisha maziwa ya tezi maalumu, na humzaa baada ya siku 9 au 10. Maisha yake yote hupata watoto wachache tu, kwa hiyo kila jike anayenaswa kwenye mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi ni pigo kwa ukoo mzima. Agosti 2025, Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, si tena tatizo la afya ya umma nchini Kenya. Wadudu wa nyumbani hawana udhaifu huo wa kuzaa wachache. Ukiua wazima ukaacha mayai, umefanya nusu ya kazi.

Mimi humwaga maji ya pipa kila wiki. Mbona mbu bado wapo?

Huenda mayai hayamo majini. Mbu mweusi mwenye michirizi myeupe miguuni, Aedes aegypti, aumaye mchana na kueneza homa za dengue na chikungunya, hubandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Ni meusi na hayafiki milimita moja, hivyo ni rahisi kuyadhania uchafu. Yakikauka hayafi, hukaa miezi kadhaa yakingoja maji yapande. Tena jike huyu hutawanya mayai yake katika vyombo kadhaa, ili kimoja kikisafishwa vingine vibaki.

Mgao wa maji umeijaza Nairobi mapipa na mitungi, kwa hiyo jambo hili linatuhusu sana. Fanya hivi mara moja kwa wiki, siku ambayo maji yamepungua: paka ukuta wa ndani dawa ya klorini ya kufulia iliyochanganywa na sabuni ya unga, uiache dakika 10, kisha sugua kwa brashi ngumu kuanzia mdomoni hadi chini. Suuza, na maji hayo uyamwage kwenye udongo mkavu. Usichanganye klorini na dawa ya kusafishia choo; hutoa gesi inayoumiza mapafu. Mwishowe funika pipa kwa kifuniko kisichoacha mwanya, au kwa chandarua kilichofungwa kwa mpira. Kubandika sahani juu hakusaidii.

Wale wanaokulilia sikioni usiku kwa kawaida ni Culex, ambao hutaga mayai yaliyoshikana kama mtumbwi juu ya maji machafu. Hao watafute kwenye mtaro ulioziba, na uweke wavu kwenye bomba la hewa la choo.

Nyumba ilipuliziwa dawa, wiki mbili baadaye kunguni wamerudi. Dawa ilikuwa feki?

Si lazima. Jike la kunguni hutaga yai 1 hadi 5 kwa siku na kuyagandisha kwenye nyufa za kitanda, mshono wa godoro na nyuma ya soketi. Dawa nyingi haziliui yai. Huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10, au zaidi nyumba ikiwa baridi. Ndiyo maana mpuliziaji anatakiwa kurudi baada ya siku 10 hadi 14, kabla watoto wa kunguni hawajakua na kutaga. Kubaliana naye hivyo kabla hujamlipa.

Joto huua yai: fua matandiko kwa maji ya nyuzi 60, na miguu ya kitanda cha chuma imwagie maji yanayochemka. Kuhama kwa mwezi mmoja ni kazi bure, kwani kunguni mzima hustahimili njaa kwa miezi. Na tafadhali, usipulizie chumba cha watoto dawa ya wadudu wa shambani iliyopimiwa kwenye chupa isiyo na lebo.

Kachumbari ikioshwa kwa klorini, mayai ya minyoo hufa?

Hapana. Yai la askarisi lina ganda nene ambalo klorini ya nyumbani hailipenyi, na hunata kwenye jani. Kinachosaidia ni kuliondoa: osha dania na kabichi jani kwa jani chini ya maji yanayotiririka, au mtu akumiminie kwa jagi. Mboga zilizomwagiliwa maji taka zipike. Sukuma wiki iliyoiva vizuri haina shida.

Yai likitoka na kinyesi huhitaji wiki 2 hadi 4 udongoni kabla ya kuweza kuambukiza, na linaweza kuishi humo miaka. Kwa hiyo dawa ya minyoo iitwayo albendazole, miligramu 400 mara moja (200 kwa mtoto wa miezi 12 hadi 23), huua minyoo iliyomo tumboni lakini haizuii mipya. Mjamzito aliye katika miezi mitatu ya kwanza asiinywe. Amwone mhudumu wa kliniki.