Kubadili jinsia si upasuaji wa siku moja
Tangu gazeti moja la New York litangaze habari za Christine Jorgensen, Mmarekani aliyebadili jinsia na kuwa mwanamke, mnamo Desemba 1952, wengi wameamini kwamba mtu huingia chumba cha upasuaji akiwa mwanamume na kutoka akiwa mwanamke. Jorgensen mwenyewe hakupitia njia hiyo, kwani mwaka 1950 alianza matibabu ya homoni chini ya daktari nchini Denmark, kisha akafanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja kwa miaka kadhaa.

Matibabu hulenga kupunguza dhiki ya mtu ambaye mwili wake haulingani na jinsia anayojitambua nayo, na wengine hawahitaji upasuaji kabisa. Anayetumia testosteroni, homoni ya kiume, husikia sauti ikianza kuwa nzito baada ya miezi michache, ilhali ndevu huchukua miaka kukolea; estrojeni, homoni ya kike, nayo hulainisha ngozi, lakini sauti iliyokwisha kuvunjika hairudi kuwa nyembamba, hivyo baadhi hujifunza upya kuzungumza.

Halafu kuna karatasi, mzigo ambao, kwa maoni yangu, hauzungumzwi vya kutosha. Nchini Kenya, Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, alilazimika kwenda Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2014 iliagiza Baraza la Mitihani libadilishe jina kwenye cheti chake cha sekondari na kuondoa alama ya jinsia.