Ugomvi wa Ukoo Hauhitaji Kelele

Mwezi huu nimepokea mswada wa tatu unaoanza kwa kofi. Mimi ni mhariri wa hadithi hapa Tabora, na nimechoka kuambiwa kwamba msomaji hataamini kuwa ndugu wana mgogoro mpaka watukanane, sufuria zirushwe na mtu afukuzwe nyumbani usiku wa manane.

Si kweli hata kidogo. Ndugu hudaiana, huuguzana na huzikana, kwa hiyo hasira yao hulazimika kujificha ndani ya adabu. Mwandishi mmoja wa Isevya aliniletea sura ya kikao cha ukoo cha kumpendekeza msimamizi wa mirathi, kile ambacho muhtasari wake hupelekwa Mahakama ya Mwanzo, naye alikuwa amejaza kurasa sita za matusi kati ya kijana na mdogo wa marehemu baba yake. Nilimwomba afute zote, abakize jambo moja tu: kijana, ambaye tangu utotoni humwita yule bwana "baba mdogo", anapokea karatasi, anatia saini na kusema, "Ahsante, mzee." Hakuna aliyepaza sauti, lakini mkeka mzima umesikia, shangazi anavuta pindo la khanga yake, na baba mdogo anapapasa mfukoni kutafuta miwani ambayo tayari ameivaa.

Kiswahili kimetupa baba mkubwa, mama mdogo, mjomba, shangazi, wifi na mkaza mwana, na kila jina lina haki na deni lake. Katika ukoo unaofuata upande wa baba, baba mdogo anaweza kukaa kikaoni kama mwenye sauti juu ya shamba, ilhali mjomba amekaa hapo kama mgeni wa heshima. Mwandishi anayewaita wote wawili "anko" amekwisha kuutupa mgogoro kabla haujaanza. Tena huku Unyamwezini tuna watani, ambao wakifika msibani wanaweza kutamka kwa mzaha siri iliyofunikwa miaka mingi, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Sielewi kwa nini miswada mingi haina mtani hata mmoja.

Mama wa kambo katili naye apumzike. Yule anayempenda mtoto wa mwenzake, lakini ada ya shule inapopungua anaanza kulipia wa kwake, ana uzito zaidi.

Waandishi wengine huwaandika ndugu zao halisi, wakidhani kubadilisha majina kunatosha kuwaficha. Shangazi yako atajitambua kwa namna anavyomega ugali.

Kuhusu dai kwamba lazima hadithi iishie kwa kupatanishwa mbele ya wazee, siku hizi huwaeleza tu juu ya nyumba moja ninayoifahamu, ambamo ndugu wawili husalimiana kila asubuhi uani, huulizana hali za watoto, na mlango wa katikati umepigiliwa misumari pande zote mbili.