Je, wajua mji wa mapango wa Matera ulipata wapi maji?

Ziara nyingi za miguu katika mji wa kale wa Matera, kusini mwa Italia, huanzia uwanja wa Vittorio Veneto, juu ya bonde. Ukisimama ukingoni unaona mitaa miwili iliyochongwa mwambani, Sasso Barisano na Sasso Caveoso, na katikati yake mlima wa Civita wenye kanisa kuu. Watalii hutamani kushuka huko mara moja. Mwongozaji anayeujua mji wake huwazuia kidogo, akawapeleka kwanza chini ya uwanja wenyewe.

Huko chini kuna Palombaro Lungo, birika la maji ya mvua lenye uwezo wa lita milioni 5 hivi na kina cha zaidi ya mita 15. Nguzo zake kadhaa ni mwamba ulioachwa pale pale wakati mafundi wakichimba kuuzunguka. Darini bado yapo matundu yaliyoteremshia ndoo. Kazi ya kulichimba ilianza karne ya 16, likaendelea kupanuliwa hadi karne ya 19. Maji ya bomba yalipofika miaka ya 1920 likaachwa, likasahaulika, likagunduliwa upya mwaka 1991 uwanja ulipokuwa ukikarabatiwa.

Nadhani huo ndio mwanzo sahihi wa ziara, kwa sababu bila maji hayo mtu ataielewa Matera kinyume.

Wengi hufika na jibu tayari kichwani. Wameona picha za watoto wasio na viatu kwenye milango ya mapango. Wamesikia kwamba hadi miaka ya 1950 familia zililala chumba kimoja na nyumbu na kuku. Basi wanahitimisha kuwa hawa walikuwa mafukara walioyakuta mashimo, wakaingia, wakabaki humo tangu enzi za mawe mpaka serikali ilipokuja kuwatoa. Hadithi hiyo ina chembe ya ukweli, ndiyo maana imedumu. Carlo Levi, daktari na mwandishi ambaye utawala wa Mussolini ulimpeleka uhamishoni katika mkoa huo huo wa Basilicata, aliwaeleza Waitaliano habari za Matera katika kitabu chake cha mwaka 1945: watoto wenye malaria, watoto walioharibiwa macho na trakoma. Mwaka 1948 Palmiro Togliatti, kiongozi wa chama cha kikomunisti, aliuita mji huo aibu ya taifa. Waziri mkuu Alcide De Gasperi alikwenda kujionea mwaka 1950, na mwaka 1952 ikapitishwa sheria ya kuwahamisha wakazi. Watu wapatao 15,000 walipelekwa mitaa mipya kama La Martella, Serra Venerdì na Spine Bianche.

Magonjwa yalikuwa ya kweli, na umaskini pia. Lakini hadithi hiyo inalaumu pango, na pango halikuwa na hatia.

Tuanze na mapango yenyewe. Ng'ambo ya korongo la Gravina yapo mapango ya asili ambayo binadamu waliyatumia tangu kale sana. Nyumba za Sassi (wingi wa Sasso, yaani ile mitaa miwili), kwa sehemu kubwa, ni kazi ya mikono. Mwamba wake ni jiwe laini la chokaa lililojengeka chini ya bahari, na ukisogeza uso ukutani utaona vipande vya makombe vimenasa ndani yake. Sururu inalikata bila shida. Fundi hakutupa alichokitoa: matofali ya jiwe yaliyochongwa ndani ndiyo yaliyojenga chumba cha mbele chenye dari la tao, kwa hiyo nyumba nyingi ni nusu pango, nusu jengo. Paa la nyumba ya chini likawa njia au bustani ya nyumba ya juu. Juu ya makanisa mengine, paa likawa makaburi.

Wala mji huu haukuwa wa mafukara watupu. Kanisa lake kuu ni la karne ya 13, na kuanzia 1663 hadi 1806 Matera ndiyo ilikuwa makao makuu ya Basilicata.

Halafu kuna hali ya hewa ya ndani. Mwamba mnene hupata joto polepole na kulipoteza polepole, hivyo pangoni hubaki karibu nyuzijoto 15 wakati nje kunaungua au kunaganda. Vyumba vingine vilichimbwa vikiteremka kuelekea ndani. Mnamo Desemba jua la adhuhuri hupanda nyuzi 26 tu juu ya upeo wa macho, na katika pango linaloelekea kusini miale yake hupenya mbali. Mnamo Juni hufika nyuzi 73, na miale ikaishia mlangoni. Mtu aliyepanga mteremko huo alijua alichokuwa akifanya.

Sasa maji, ambapo ndipo penye utamu wenyewe.

Mto uko chini kabisa ya korongo na watu wako juu. Kiangazi cha huko ni kikavu, mvua huja zaidi kuanzia vuli hadi mwisho wa majira ya baridi. Kwa hiyo kazi si kupata maji, ni kuyatunza miezi kadhaa bila kuyapoteza, ndani ya jiwe ambalo sifa yake kubwa ni kuwa na vinyweleo.

Chukua mtungi wa udongo. Ujaze jioni, asubuhi utaukuta umelowa kwa nje. Maji yamepenya ukuta wake, yanakauka kidogo kidogo, na yaliyobaki ndani yanapoa. Kwa mtungi, jasho hilo ni faida, maana kesho utaujaza tena. Sasa fikiria mtungi wenye ukubwa wa chumba, uliozikwa mwambani, unaotakiwa kukaa na maji tangu Machi hadi Septemba bila kujazwa. Jasho lile lile linakuwa msiba, kwa sababu mwamba unaouzunguka utayanywa maji yote. Mtungi wa namna hiyo unahitaji ngozi ya ndani isiyopenyeka.

Ngozi hiyo ilikuwa lipu ya chokaa iliyochanganywa na vigae vilivyopondwa. Chokaa tupu hushika kwa kuvuta kaboni dayoksaidi kutoka hewani, ndiyo maana mahali penye maji hushika kwa taabu na kuoza upesi. Udongo uliochomwa una silika na alumina. Ukisagwa na kukutana na chokaa na maji, vinaungana na kuwa kitu kigumu kinachofanana na saruji, na hushika hata chini ya maji. Warumi walitumia mchanganyiko huo, na mafundi wa kusini mwa Italia hawakuuacha. Utautambua kwa rangi yake ya waridi, na kwenye Palombaro Lungo unaweza kuuona umefunika ukuta mzima, ukiwa na alama za kimo cha maji ya zamani.

Umbo nalo lina sababu. Mabirika mengi ya nyumbani yana shingo nyembamba na tumbo pana, tena mtungi ule ule. Shingo ikiwa nyembamba maji hayakauki sana, na giza linazuia mwani kuota. Mvua ilitoka kwenye mapaa, ambayo kingo zake zilifichwa ndani ya kuta ili tone lisiangukie njiani, ikaingia kwenye mifereji ya udongo wa kuchoma, kisha kwenye shimo dogo la kutuamisha matope. Birika likijaa, maji ya juu, ambayo ndiyo safi zaidi, yalifurika kwenda birika la chini yake, na huko yakatulia tena. Mteremko wa mji ulifanya kazi yote, bila pampu.

Msanifu majengo Pietro Laureano ndiye aliyeuchunguza mpangilio huu kwa undani, na utafiti wake ulichangia UNESCO kuiweka Matera kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1993. Laureano anasema pia kwamba mapango yalivuna unyevu wa hewani uliokuwa ukigeuka matone ya umande usiku kwenye mwamba baridi. Waongozaji hupenda sana kuirudia sehemu hiyo. Naona ichukuliwe kwa tahadhari: maji ya mvua yana mifereji na mabirika unayoweza kuyapima, lakini umande hauachi mfereji, na ni vigumu kujua ulichangia kiasi gani.

Basi kilichoharibika ni nini? Ni hesabu ya watu. Katika karne za 18 na 19 ufugaji na biashara ya sufu vilidhoofika, watu wakaongezeka, nafasi ikaisha. Bustani za juu ya mapaa zikajengwa. Mazizi yakawa vyumba. Mwishowe mabirika yenyewe yakakaushwa, yakatobolewa mlango ubavuni, familia zikahamia ndani. Kila birika lililogeuzwa nyumba liliongeza watu wenye kiu na kupunguza hifadhi ya maji kwa wakati mmoja. Na lipu ile iliyozuia maji yasitoke sasa ilifanya unyevu wa pumzi za watu na wanyama ubaki juu ya kuta, katika chumba kisicho na dirisha. Miaka ya 1930 mitaro miwili mikubwa iliyopitisha maji machafu ya mji ilifunikwa ili kupata barabara za magari. Levi na Togliatti waliueleza mji ambao mfumo wake ulikuwa umekwisha kuvunjwa, na wasomaji wao wakadhani ndivyo ulivyokuwa siku zote.

Hili unaweza kulithibitisha kwa macho yako ukiwa unatembea. Ukiingia kwenye nyumba ya pango, inua kichwa. Kama kuta zinakaribiana kadiri zinavyopanda, na juu kabisa kuna tundu la mviringo lililozibwa, umesimama ndani ya birika la zamani. Kule Vico Solitario, Sasso Caveoso, ipo nyumba iliyohifadhiwa kama makumbusho: kitanda kilichoinuka juu chenye godoro la maganda ya mahindi, kuku chini ya kitanda, nyumbu upande wa ndani kabisa, na birika lake lenyewe. Hatua chache kutoka hapo ni makanisa ya pangoni ya Santa Maria de Idris na Santa Lucia alle Malve, yenye michoro ya ukutani.

Michoro hiyo ina thamani nyingine, kwa sababu inasaidia kukadiria umri. Mara nyingi utaambiwa kwamba watu wameishi humu mfululizo kwa miaka 9,000. Vijiji vya zama za mawe vimechimbuliwa kweli katika eneo hilo, lakini hilo halithibitishi kwamba pango fulani la Sassi lilikaliwa bila kukatika. Kila aliyepanua pango lake aliondoa ukuta wa aliyemtangulia pamoja na alama zake. Kwa ushahidi wa uhakika zaidi ndani ya mapango, kama michoro hiyo, zama za kati ndizo zinazosimama imara.

Baada ya kuhamwa, Sassi zilikaa tupu kwa miongo mitatu hivi, mifereji ikaziba na mvua ikaanza kuingia mahali isipotakiwa. Sheria ya mwaka 1986 ilitoa fedha za ukarabati na kuruhusu watu warudi. Sehemu kubwa bado ni mali ya dola, na wanaoishi au kufanya biashara humo wana mikataba ya muda mrefu. Mwaka 2019 Matera ilikuwa mji mkuu wa utamaduni wa Ulaya, na mapango mengi sasa ni nyumba za wageni zenye maji ya bomba.

Ukienda, vaa viatu visivyoteleza, maana jiwe la ngazi limesuguliwa na nyayo na likilowa ni hatari. Palombaro Lungo lina kiingilio chake, kwa hiyo muulize mwongozaji mapema kama limo kwenye ziara. Kama halimo, lilipie mwenyewe na uingie kabla hamjashuka bondeni.