Mkopo wa chuo huanzia kwenye cheti cha kuzaliwa

Mtoto akikosa mkopo wa chuo, mtaani husemwa hana mtu wa kumshika mkono. Sisi tunaokaa meza ya ushauri tunaona mambo mengine. Mara nyingi kilichomwangusha ni karatasi.

Msimu uliopita alikuja binti aliyesoma PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), ufaulu mzuri, kwao wanategemea korosho. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mwanahawa, cha kidato cha nne Mwanawa. Huenda mwalimu aliyemwandikisha darasa la kwanza aliandika alivyosikia. Ikabidi atafute wakili wa kumwandalia hati ya kisheria ya kurekebisha jina, na wakili halipwi maneno matupu.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, au ZCSRA, wakala wa kazi hiyo hiyo visiwani, kwa waliozaliwa Zanzibar. Yatima huongeza cheti cha kifo cha mzazi, nacho kihakikiwe. Hapo ndipo penye kazi. Baba alizikwa kijijini miaka 10 iliyopita. Nani alikumbuka kwenda wilayani kuandikisha kifo? Walengwa wakuu wa mkopo ni maskini na yatima, na hao hao ndio wenye makaratasi pungufu. Nasema hivi nikijua bila uhakiki wajanja wangejaa.

Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, wengine wakiwa kambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na dirisha la maombi halisubiri mtu. Kwa hiyo mzazi, anza mtoto akiwa kidato cha tano. Weka vyeti vyote mezani, linganisha majina herufi kwa herufi. Aliyerudia mtihani wa kidato cha nne atumie namba ileile ya mtihani kuombea chuo na mkopo. Fomu ikishachapishwa inahitaji saini ya mdhamini, ya serikali ya mtaa au kijiji, na ya wakili au hakimu.

Na ni deni: ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ingawa ile tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6, ilifutwa mwaka 2021.

Yule binti hati aliipata. Akarudi kijijini kugongewa muhuri, akaambiwa mtendaji yuko semina hadi Ijumaa. Dirisha lilikuwa linafungwa Jumamosi.