Maiki inakung'ata mdomo? Anza na koaksi, ethi baadaye

Sisi wa dawati la ufundi tunaulizwa hili karibu kila siku na watu waliofunga redio ya HF (redio ya kurusha na kupokea mawasiliano ya mbali) nyumbani: nikibonyeza maiki inanipiga shoti mdomoni, spika za tivii zinaongea sauti yangu, tukiwasha taa za LED redio inajaa kelele. Na wengi wanakuja wameshachimbia fimbo ya pili ya ethi, hela imeenda, tatizo liko palepale.

Iko hivi. Koaksi, ule waya mnene unaotoka kwenye redio kwenda kwenye antena, tunaihesabu nyaya mbili, ya kati na neti ya nyuzi inayoizunguka, ila kwenye masafa ya redio ni tatu, maana umeme wa huko hauzami ndani ya kopa, unatembea juujuu kwenye ngozi yake, kwa hiyo neti upande wa ndani na neti upande wa nje ni njia mbili tofauti kabisa. Ndani hakuna shida, unaokwenda na unaorudi unalingana. Sasa pale juu kwenye daipoli (antena ya mikono miwili ya waya, inayolishwa katikati), mkono uliofungwa kwenye neti umekutana pia na ule upande wa nje, umeme unagawanyika, mwingine unaingia kwenye antena mwingine unateremka na koaksi mpaka mezani kwako. Koaksi imekuwa mkono wa tatu. Na kelele za chaja na inveta ya sola zinapandia hukohuko kwa nje, zikifika juu zinaingia ndani na kushuka kwenye redio.

Kupima: tuma wati 5 tu, mwenzako aisogeze na kuishikashika koaksi huku unaangalia mita ya SWR (inayoonyesha umeme kiasi gani unarudishwa na antena), namba zikicheza basi jibu unalo. Na nyie mnaokata koaksi kidogokidogo mpaka SWR ikubali, samahani, mmetyuni koaksi hamjatyuni antena 😀

Dawa ni choki, yaani kizuizi cha huo umeme wa nje ya koaksi, na ikae juu, pale koaksi inapokutana na daipoli. Kwa megahezi 7 chukua pete ya feraiti (kauri yenye usumaku) aina ya FT240-31, pitisha koaksi nyembamba ya RG-58 mizunguko kama 12, unapata maelfu ya ohm na umeme wa nje unakosa njia. Zile feraiti za kubana unazopitisha waya mara moja hazitoshi, kwa sababu nguvu ya kuzuia inakua kwa mizunguko kuzidisha kwa mizunguko, 10 ni karibu mara 100 ya mmoja. Halafu zile pete za manjano zenye ubavu mweupe mnazong'oa kwenye pawasaplai za kompyuta mbovu, hizo ni unga wa chuma, hapa hazifai kabisa.

Koaksi ishuke wima kutoka kwenye daipoli, isilale sambamba na mkono mmoja.

Mwenye antena ya waya mmoja unaolishwa mwishoni kupitia transfoma, wewe usiweke choki palepale kwenye transfoma, antena yako inahitaji pa kuegemea, yaani njia ya umeme kurudi, acha kama mita 2 za koaksi kwa megahezi 7 ndo uifunge.